Kuoza mizizi kwa maharagwe si mnyauko

Maharagwe yakianza kulegea na majani kuwa manjano, wengi husema shamba limepata "mnyauko", kisha huenda kununua dawa ya mnyauko. Lakini kunyauka ni dalili. Ukame huileta, funza wa inzi wa maharagwe huileta, na kuoza mizizi pia. Kuoza mizizi ni pale vimelea vya udongoni vinapoua mizizi na kitako cha shina.

Tofauti huonekana chini ya ardhi. Chimbua mmea kwa jembe, usiuvute, maana mizizi iliyooza hukatika na kubaki udongoni. Uoshe, kisha pasua shina kwa wembe kutoka kitakoni kwenda juu. Kitako kikiwa kimevimba na kupasuka, na chini ya ganda kuna funza au buu wa kahawia, huyo ni inzi. Mizizi ikiwa mizima kwa nje lakini mishipa ya ndani ya shina ni ya kahawia, huo ndio mnyauko fuzari, ugonjwa unaoletwa na kuvu wa udongoni aitwaye fuzari. Mizizi ikiwa yenyewe imeoza, hapo sawa, ni kuoza mizizi.

Hata hapo mhalifu si mmoja. Kimelea kiitwacho pithiamu huacha uozo laini wenye majimaji, hasa udongo ukituamisha maji. Fuzari ya mizizi huanza na michirizi myekundu-kahawia kwenye mzizi mkuu. Raizoktonia, kimelea kingine, huchimba vidonda vilivyobonyea kwenye kitako. Dawa ya metalaksili huzuia pithiamu lakini haigusi fuzari. Dawa ya kabendazimu haina kazi kwa pithiamu. Tena dawa hizi hupakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda. Kunyunyizia majani ya mmea ambao mizizi yake imeshaoza ni hasara tupu.

Kinachosaidia zaidi ni kilimo chenyewe: matuta pale maji yanapotuama, samadi iliyoiva, na mahindi au mtama kwa misimu kadhaa kabla ya kurudisha maharagwe. Kunde hazihesabiki kuwa mzunguko, nazo ni jamii ile ile. Wakati wa palizi, inulia udongo shinani ili mmea utoe mizizi mipya juu ya ile iliyokufa. Magharibi mwa Kenya, aina za KK8 na KK15 huvumilia ugonjwa huu, ingawa hazina kinga kamili.

Basi ukienda duka la pembejeo, usiombe dawa ya mnyauko. Beba mmea mzima pamoja na mizizi yake, muutazame pamoja kwanza.