Mfululizo wa picha si picha nyingi

Juzi kijana mmoja mpiga picha wa Mwanga, hapa Kigoma, alinionyesha kwenye simu kazi aliyoiita "mfululizo wangu wa Kigoma". Picha 40. Stesheni ya reli, meli ya MV Liemba imetulia majini, mwembe wa Ujiji, mama anapanga samaki, migebuka, kwenye sinia, jua linazama upande wa Kongo. Nzuri zote, na nilimwambia hivyo. Ila neno hilo nimelisikia likitumiwa hivyo harusini, kwenye maonyesho ya shule, hata kwa watu wanaofundisha kupiga picha, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Mfululizo wa picha ni picha kadhaa za kitu kimoja, au za aina moja ya kitu, zilizopigwa kwa kanuni moja ili zitazamwe pamoja. Basi. Kinachotupoteza ni neno lenyewe.

Kitenzi chake ni kufululiza, nacho kina matumizi mawili. "Mvua imefululiza siku tatu": imenyesha bila kukatika. "Basi lilifululiza hadi Uvinza": lilikwenda moja kwa moja, halikusimama njiani wala kuchepuka. Wengi wetu tumebaki na ile maana ya kwanza, kwa sababu redio inaturudishia kila siku: timu imeshinda mechi tano mfululizo, bei imepanda kwa mwezi wa pili mfululizo. Kwa maana hiyo kijana wangu hakukosea sana. Kweli alipiga picha 40 mfululizo. Lakini "picha 40 mfululizo" na "mfululizo wa picha 40" ni mambo mawili. La kwanza linasema mpiga picha hakupumzika. La pili linasema hakuchepuka. Yeye alichepuka kila picha, toka stesheni mpaka ziwani, toka ziwani mpaka chini ya mwembe.

Kazi ya namna hiyo ina jina lake: mkusanyiko. Umetoa vitu huku na kule ukaviweka pamoja, na hakuna dharau yoyote katika jina hilo. Picha zikipangwa kusimulia habari, mtumbwi unaondoka jioni, taa zinawashwa, dagaa wanashushwa alfajiri, huo ni mfuatano. Ukizipangua habari inavurugika. Na simu ukiikandamiza kitufe ikatoa picha 20 kwa sekunde mbili, huo ni mkupuo. Nasisitiza hili la mwisho kwa sababu nimeona mtu akiziweka picha za mkupuo ukutani, mtoto yuleyule anaruka dimbwi lilelile, na chini yake pameandikwa "mfululizo".

Mtu ataniuliza: kama ni bila kukatika, basi nipige kila siku? Hapana. Nicholas Nixon wa Marekani alianza mwaka 1975 kuwapiga picha mke wake na dada watatu wa mke huyo, akaendelea kutoa picha moja kwa mwaka, wanne hao wamesimama kwa mpangilio uleule. Mwaka mzima unakatika katikati, na bado ni mfululizo, kwa kuwa nia haikukatika. J.D. 'Okhai Ojeikere wa Nigeria alianza mwaka 1968 kupiga misuko ya nywele za wanawake akafikisha karibu picha 1,000, nyingi kwa kisogoni, nyuma pakiwa patupu, ili msuko uongee peke yake. Bernd na Hilla Becher, Wajerumani, tangu 1959 walizunguka wakipiga matangi ya maji na mitambo ya migodi, na walisubiri siku ya mawingu ili vivuli visiingilie. Kila mmoja wao alijifunga kwa kanuni yake, akaacha jambo moja hasa huru kubadilika. Jicho la mtazamaji linakwenda palepale.

Fikiria chanja moja ya kuanikia dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi. Uweke jiwe unaposimama, kamera kwenye kimo cha kifua, asubuhi, jua likitokea vilimani nyuma yako. Siku za giza, usiku usio na mwezi, wavuvi huvuta dagaa kwa taa, na asubuhi chanja imejaa. Mbalamwezi ikiingia, taa hazivuti tena dagaa, chanja ni tupu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu ya picha za waya na miti mitupu, pembeni ya picha za chanja inayometameta. Picha moja ya chanja tupu haimwambii mtu kitu. Ikikaa kati ya zile zilizojaa, mtu wa Kigoma hahitaji maelezo.

Katika zile 40 ilikuwamo ya chanja. Aliipiga akipita tu, imeinama kidogo kushoto. Nikamrudisha hapo. Nikamwambia, mdogo wangu, hizi nyingine 39 ziite mkusanyiko, na ni mkusanyiko mzuri. Hii moja, ukirudi uliposimama siku ile, ndiyo inaweza kuwa mwanzo wa mfululizo.

Akaitazama kwa muda. "Na nikirudi nikakuta haina kitu?"

"Ipige hivyohivyo."