Sauron hakuwa jicho tu

Wengi waliomfahamu Sauron kupitia filamu za Peter Jackson za 2001 hadi 2003 wanaamini kwamba adui huyo wa The Lord of the Rings hana mwili, ni jicho la moto tu juu ya mnara wa Barad-dûr. Katika kitabu cha J.R.R. Tolkien sivyo kabisa.

Fungua The Two Towers, juzuu iliyotoka mwaka 1954. Gollum, kiumbe aliyewahi kukamatwa na kuteswa Mordor, nchi ya Sauron, anasema mkono mweusi wa Sauron una vidole vinne tu. Ameuona. Na kidole kinachokosekana ndicho alichokikata Isildur, mwana wa mfalme, alipoitwaa Pete ya nguvu ya Sauron! Hapo Tolkien ananifurahisha mno: maelfu ya miaka yamepita, Sauron amejijengea mwili mpya, na bado kile kidole hakijarudi.

Jicho lenyewe lipo, ndiyo. Ni nembo kwenye ngao za maorki, askari wake wa kutisha, na Frodo, mhusika mkuu, analiona katika kioo cha maji cha Galadriel, bibi mwenye uwezo wa kichawi, likimtafuta. Lakini katika barua ya mwaka 1963, Tolkien alieleza kwamba Sauron alikuwa na umbo la mtu, mkubwa kuliko binadamu wa kawaida ila si jitu.