Cheti Hakikandamizi Kifua

Nikiuliza darasani kifua cha mtu mzima kikandamizwe kwa kasi gani pale moyo unaposimama, jibu huja kabla sijamaliza swali: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6. Hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi huanza mdoli wa mafunzo akishalazwa sakafuni. Viwiko vinapinda. Mikono inaegemea kifua bila kukiachia kiinuke, ilhali ni katika kuinuka huko ndipo damu hurudi moyoni. Na kwa joto la Mombasa la mwezi wa Machi, dakika ya pili haijaisha mkandamizaji amelowa jasho na kina kimeshapungua, mwenyewe akiapa kuwa bado ana nguvu. Ndiyo maana tunataka watu wapokezane kila dakika 2, asingojwe mtu kusema amechoka.

Vyeti vya mafunzo haya kwa kawaida hudumu miaka 2. Tafiti nyingi, za nchi mbalimbali, zimeonyesha kuwa ustadi wa mikono huanza kufifia ndani ya miezi 3 hadi 6. Kwa hiyo muuguzi au tabibu anaweza kuwa na cheti halali kabisa na bado asiwe tayari usiku ule anapohitajika. Elimu bila amali ni kama nta bila asali, na sioni dawa nyingine ila mazoezi mafupi ya mara kwa mara, papo hapo wodini: dakika 10 kabla ya kupokezana zamu, mdoli juu ya kitanda kile kile wanachokitumia. Kitanda chenyewe ni somo. Godoro laini hubonyea na kumeza sehemu ya nguvu yako, ukadhani unakandamiza kifua kumbe nusu unakandamiza sponji. Uwekwe ubao mgumu chini ya mgongo.

Kisha kuna suala la mwaka uliohitimu. Waliosoma kabla ya mwaka 2005 walifundishwa kukandamiza mara 15 kisha kumpulizia mgonjwa pumzi 2. Tangu hapo ni mara 30 kwa pumzi 2. Mwaka 2010 utaratibu ukageuzwa, kukandamiza kifua kukatangulia kufungua njia ya hewa, na atropini ikaondolewa katika dawa za kawaida za moyo uliosimama. Ikabaki adrenalini, miligramu 1 kila baada ya dakika 3 hadi 5. Sasa wakutanishe watatu wa vizazi tofauti kwenye kitanda kimoja: mmoja anasita baada ya 15, mwingine anatafuta atropini, wa tatu anashangaa. Hakuna aliye mjinga hapo. Kila mmoja anafuata alichofundishwa, na kila wanaposita damu haifiki kwenye ubongo.

Kosa jingine huja mapema zaidi, kwenye kutambua. Mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kuendelea kutweta au kukoroma kwa mwachano kwa dakika kadhaa, na walio kando yake wakasema, "Si anapumua!" Huko si kupumua. Mtaalamu asitumie zaidi ya sekunde 10 kutafuta mapigo ya shingoni; akiwa na shaka, aanze. Moyo unaotetemeka ovyo bila kusukuma damu hutaka mashine ya kushtua, na kila dakika inayopita bila kukandamizwa wala kushtuliwa hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Lakini mstari ulionyooka kwenye skrini haushtuliwi, filamu zitake zisitake. Huo hutaka mikono, adrenalini na kutafuta kilichosababisha.

Sisi watu wa mwambao tuna sababu yetu ya ziada. Mtoto aliyeopolewa majini pale ufuo wa Jomo Kenyatta, maarufu kama Pirates, moyo wake umesimama kwa kukosa hewa, kwa hiyo hapo pumzi ndizo hutangulia: miongozo ya Marekani husema 2, ya Ulaya 5. Kukandamiza kifua peke yake hakumtoshi. Na mama mwenye mimba iliyofika usawa wa kitovu hulazwa chali huku mtu mmoja akiusukuma uja uzito kwa mkono kuelekea kushoto kwake, ili usibane mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Hili nimeona likisahaulika hata na waliobobea.

Toroli ya dharura, ile yenye dawa na mashine ya kushtua, sitaisema sana. Ikaguliwe kila zamu, betri ya mashine ichajiwe, na funguo zisiondoke na mtu aliyekwenda nyumbani.

Linaloniudhi ni kwamba orodha za mafunzo huishia kwa madaktari, matabibu na wauguzi. Anayemkuta mgonjwa ameanguka chooni mara nyingi ni anayepiga deki. Anayefungua mlango wa tuktuk iliyomleta mtu kutoka Likoni au Kongowea ni bawabu. Hawa hawahitaji kujua adrenalini. Wanahitaji kujua kupaza sauti, kumlaza mtu penye ugumu, kuweka kiganja katikati ya kifua na kuanza kusukuma hadi timu ifike, na hilo hufundishika mchana mmoja. Kitengo chochote cha mafunzo kikipanga ratiba ya mwaka, majina yao yaandikwe humo.