Ndoa Haikutangulia: Dhana Potofu Kuhusu Madai ya Haki za Wapenzi wa Jinsia Moja

Kijana mmoja, fundi magari, aliingia katika ofisi ninayojitolea kutoa msaada wa kisheria hapa Moshi akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi ya kodi ya miezi sita, pamoja na kipande cha karatasi ya daftari ambacho mwenye nyumba alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba ahame kabla ya jioni, kwa kuwa majirani wameshajua yeye ni mtu wa namna gani. Alikuwa amekaa miezi miwili tu. Alichotaka kujua ni kama anaweza kurudishiwa kodi ya miezi minne iliyobaki.

Namtanguliza yeye kwa sababu dhana iliyoenea kuliko zote, redioni na vijiweni, ni kwamba anayedai haki za wapenzi wa jinsia moja anadai ndoa, na kwamba ndoa ndiyo hatua ya kwanza. Mimi naamini usawa wa ndoa ni haki, wala sifichi. Lakini nchi zilizoufikia hazikuanzia hapo. Afrika Kusini, iliyo ya kwanza barani mwetu, ilipiga marufuku ubaguzi kwa msingi wa mwelekeo wa kimapenzi katika Katiba yake ya mwaka 1996. Mwaka 1998 Mahakama ya Katiba ikafuta kosa la jinai la wanaume kujamiiana kwa hiari. Zikafuata kesi zisizo na kelele nyingi: kibali cha ukaazi kwa mwenzi aliyetoka nchi nyingine, kisha mafao ya mwenzi wa jaji na uasili wa mtoto mwaka 2002. Ni baada ya hayo yote ndipo wanawake wawili wapenzi, Marié Fourie na Cecelia Bonthuys, walipopata hukumu yao kuhusu ndoa, ya tarehe 1 Desemba 2005, iliyolipatia Bunge miezi kumi na miwili kurekebisha sheria. Ireland nayo ilifuta jinai mwaka 1993, ikatunga mwaka 2010 sheria ya ubia wa kiraia, yaani kuwatambua wapenzi hao kisheria bila kuwaita wanandoa, na ndipo wananchi wakaipitisha ndoa kwa kura ya maoni ya tarehe 22 Mei 2015, kwa asilimia 62.

Sheria hiyo ya ndoa ya Afrika Kusini ilianza kutumika tarehe 30 Novemba 2006, miaka minane kamili tangu kifo cha Simon Nkoli. Nkoli alikamatwa mwaka 1984 akiwa mpinzani wa ubaguzi wa rangi, na aliposhtakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake katika kesi ya Delmas, aliwaeleza humo gerezani kwamba yeye anapenda wanaume. Kulizuka mabishano makali, hata wengine wakataka ashtakiwe peke yake. Walimaliza kesi pamoja, na baadhi ya wenzake hao walikuja kuwa viongozi wa nchi wakimkumbuka kama ndugu waliyefungwa naye. Mkakati wa namna hiyo hauandikwi na mwanasheria yeyote, lakini sidhani kama kifungu kile cha Katiba kingepita bila watu kama yeye.

Wengine husema kwamba sheria inayowafunga watu hawa ni mila yetu, hivyo anayeipinga anapinga Uafrika. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, chenye maneno "kinyume cha maumbile", kiliingia Tanganyika na kanuni ya mwaka 1930 ya serikali ya kikoloni ya Uingereza, ambayo asili yake ni kanuni ya Queensland, Australia, ya mwaka 1899. Rwanda, ambayo haikutawaliwa na Mwingereza, haijawahi kuwa na kosa hilo, na Burundi ililiingiza mwaka 2009 tu. Hata hivyo ukweli una upande wa pili ambao watetezi wenzangu huuruka: adhabu ya mkoloni ilikuwa kifungo cha miaka 14, na sisi wenyewe, kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ndio tuliyoifikisha kifungo cha maisha, au kisichopungua miaka 30. Anayemlaumu Mwingereza peke yake hatasikilizwa na mtu aliyeisoma sheria.

Ipo dhana inayoniumiza zaidi, kwa sababu inatoka kwa wazazi wenye hofu ya kweli: kwamba kufuta kosa hili ni kuwaachia huru wanaolawiti watoto. Nimekaa na mama aliyelia akiniuliza hivyo, na sikumjibu kwa haraka. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Botswana ya tarehe 11 Juni 2019, iliyothibitishwa na Mahakama ya Rufani tarehe 29 Novemba 2021, ilihusu watu wazima, kwa hiari yao, faraghani. Makosa ya kubaka na kunajisi watoto yalibaki palepale. Mtoto hulindwa na sheria inayotazama umri na ridhaa, na sheria inayomweka mbakaji wa mtoto kapu moja na watu wazima wawili waliokubaliana inaupoteza mstari huo ulio muhimu kuliko yote.

Kwa kuwa Arusha ni makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, vijana wengi hudhani kuwa njia fupi ni kupanda basi na jalada mkononi. Haiko hivyo. Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, na uondoaji huo ukaanza kufanya kazi mwaka uliofuata. Iliyobaki ni Tume ya Afrika iliyoko Banjul, Gambia, ambayo mwaka 2014 ilipitisha Azimio namba 275 la kulaani ukatili dhidi ya watu kwa sababu ya mwelekeo wao wa kimapenzi. Nayo hudai kwanza njia za mahakama za nyumbani zimalizwe. Mahakama ya Afrika Mashariki, hapohapo Arusha, ilipelekewa shauri kuhusu sheria ya Uganda ya mwaka 2014 dhidi ya wapenzi wa jinsia moja, na mwaka 2016 ikalitupa kwa kuwa sheria yenyewe ilikuwa imekwisha kubatilishwa Kampala. Ilibatilishwa kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia, si kwa sababu ya haki za mtu yeyote. Ndiyo maana mwaka 2023 ilirudi ikiwa kali zaidi, safari hii na akidi yake.

Kesi ikiwahi kabla ya wakati nayo huacha kovu. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya jinai tarehe 24 Mei 2019, ilhali shauri dogo zaidi, la kusajili asasi ya watetezi, lilishinda katika Mahakama ya Juu mwezi Februari 2023. Huko Botswana kesi ya jinai ilishindwa mwaka 2003, watetezi wakasubiri, wakashinda usajili wa asasi mwaka 2016, na ndipo wakarudi kwenye jinai. Huo usajili, unaoonekana jambo dogo la karani, ndio unaokupa sauti mahakamani.

Kuhusu kukatwa kwa misaada kwa nchi zinazowafunga watu hawa nitasema kwa ufupi. Uingereza ilipotishia hivyo mwaka 2011, wanaharakati wa Kiafrika wenyewe walitoa tamko la pamoja kupinga, kwa sababu dawa zikikosekana zahanati wao pia huzikosa, na lawama za jirani huwaangukia wao.

Hofu ya mwisho ni ya kanisani na msikitini: kwamba sheria ikikubali, padri na shehe watalazimishwa kufungisha ndoa hizo. Afrika Kusini haimlazimishi kiongozi yeyote wa dini, na kanisa Katoliki la Ireland halijafungisha hata moja. Tofauti hiyo tunaijua sisi wenyewe: Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, ingawa inaitambua ndoa kuwa ya mwanamume na mwanamke tu, inatenganisha ndoa ya dini na ndoa ya bomani, na hakuna padri aliyewahi kubanwa kwa kilichofungwa bomani.

Yule fundi nilimwandalia barua, lakini hakuipeleka yeye. Aliipeleka mama yake, anayeuza mitumba Kiborloni, na ambaye kwa mwaka mzima alikuwa hazungumzi na mwanawe vizuri. Nilikuwepo. Alimsalimia mwenye nyumba, akakaa kwenye benchi lililo chini ya mparachichi, akaiweka stakabadhi juu ya goti, kisha akasema, "Mzee wangu, kumpenda sikulazimishi. Lakini fedha hii ni ya mwanangu, na mimi ndiye niliyemzaa." Mzee aliingia ndani, akakaa muda mrefu, akatoka na kodi ya miezi mitatu. Mama alizihesabu noti zote mbele yake, akazifunga kwenye pindo la kanga, akauliza ya mwezi wa nne itapatikana lini.