Pomboo wa bwawani hafugwi, amefungwa

Juzi mpwa wangu katuma video kwenye grupu la familia, pomboo wawili wanaruka kupita kwenye pete, watu wamejaa jukwaani wanapiga makofi, na chini yake kaandika "samaki wa kufugwa wana akili jamani". Kwamba pomboo sio samaki hilo nililiacha, ananyonyesha mtoto na anapanda juu kuvuta hewa kama ng'ombe tu, tutaliongea siku nyingine. Hilo "wa kufugwa" ndio limenikaa kooni, maana ni mara ya tatu nalisikia ndani ya muda mfupi. Kijiweni jamaa mmoja alisema pomboo wa Kizimkazi, kule Zanzibar, wamefugwa, na kabla yake mtangazaji wa redio alikuwa anasoma habari ya "pomboo wanaofugwa kwa ajili ya burudani". Sasa acha niseme.

Maana yenyewe haina maneno mengi. Kufuga ni kukaa na mnyama kwenye matunzo yako ili aishi, azaliane, na wewe upate kitu kwake. Kufunga ni kumzuia asitoke. Basi. Katikati kuna n moja tu na naona ndio inawapoteza watu.

Ila angalia hilo neno fuga linavyotembea kwenye mdomo wetu kila siku. Mtu anafuga ndevu, anafuga nywele, anafuga kucha. Hajazifungia popote, kaziacha ziote. Bibi akikuona unakohoa wiki mbili hujaenda hospitali anakwambia usifuge ugonjwa, yaani usiuache ukue humo mwilini mwako. Kila ukilikuta neno hili ndani yake kuna kitu kinakua, kinaendelea kuwa vile kilivyo, na mwenye nacho kakipa nafasi. Mlango haumo.

Na sisi watu wa Tabora ndio tungekuwa wa mwisho kukosea hapa kwa sababu sisi ni watu wa nyuki. Baba yangu alikuwa anatundika mizinga ya magome porini upande wa Sikonge, na mimi nilikuwa nambebea kamba. Anapaka nta kidogo ndani ili inukie, anaupandisha juu ya mti, anashuka, tunaondoka. Nyuki wakipita wakapapenda wanaingia wenyewe, wakichukizwa na sisimizi au moshi wa jirani wanahama na hakuna wa kuwauliza. Asubuhi wanatoka wanakwenda kutafuta maua ya miombo wanakojua wao, malkia mpya anaruka kwenda kukutana na madume huko huko angani, hakuna aliyemchagulia. Na hiyo kazi kwa Kiswahili inaitwa nini? Ufugaji nyuki. Tuna mpaka chuo chake hapa hapa Tabora, na sijawahi kumsikia mtu akisema jina limekosewa kwa vile nyuki hawajafungiwa. Njiwa ni hivyo hivyo, anatoka asubuhi anarudi jioni, na ni wa kufugwa.

Utasema mbuzi je, si analala zizini? Analala, lakini mbuzi ana historia nyingine. Miaka kama 10,000 watu wamekaa naye, na kila kizazi waliacha wazae wale wapole, wakali wakaliwa mapema, mpaka mwili na tabia yake vikakubali kuishi na binadamu. Kuna wataalamu huko Siberia walianza mwaka 1959 kufanya hivyo na mbweha, kila kizazi wanachagua wale wasioogopa watu ndio wazae, na baada ya vizazi kadhaa wakapata mbweha wanaotikisa mkia na kumlilia mtu awashike. Kwa hiyo mnyama anakuwa mfugo ama kwa vile kabadilishwa vizazi na vizazi kama mbuzi, ama kwa vile anakaa kwa hiari yake kama nyuki.

Pomboo wa bwawani hana hata moja. Yule wa kwanza kutungwa mimba na kuzaliwa bwawani alizaliwa Florida mwaka 1947, hapo ni juzi tu, vizazi vichache mno, na hata huyo aliyezaliwa bwawani mwili wake na akili yake ni vile vile vya wa baharini. Wengine wengi hawakuzaliwa huko kabisa. Pale Taiji, Japani, mashua zinajipanga, watu wanagonga mabomba ya chuma yaliyozamishwa majini, pomboo wanachanganyikiwa na kelele wanakimbilia ghuba ndogo, inazibwa kwa nyavu, kisha wanachaguliwa wa kuuzwa hai na wengi wa waliobaki wanachinjwa. Mnyama aliyepatikana hivyo Kiswahili kina jina lake la siku zote, mateka.

Alafu kuna neno la tatu ambalo nadhani ndilo watu wanalitafuta, kuzoea. Gombe, hapo Kigoma kwa wenzetu, sokwe wamezoeshwa watu tangu yule mtafiti Mwingereza, Jane Goodall, alipofika mwaka 1960, miaka ile ya mwanzo hata ndizi wakapewa, na leo mgeni anaweza kusimama hatua chache kutoka kwao. Hakuna anayesema sokwe wa Gombe wamefugwa. Wamezoea. Pomboo wa Kizimkazi nao wako bahari wazi, wavuvi walikuwa wanawaua kwa ajili ya chambo cha papa, sasa mashua za watalii zinawafuata mpaka zinawachosha, ila hawajafugwa wala hawajafungwa. Na yule wa kwenye pete kazoeshwa kuruka ndio apewe samaki. Mnaona anacheka, lile ni taya limeumbwa hivyo, hata akifa anabaki na sura ile ile.

Mtu atasema lakini wanalishwa, wana daktari. Mfungwa gerezani naye anapewa ugali na dawa. Kinachoniuma ni kwamba neno "kufuga" linakuja na heshima, linamfanya mwenye bwawa aonekane kama mzee mwenye ng'ombe zake, na ukishasema mfugaji hakuna anayeuliza tena huyu mnyama alitoka wapi. Huyu ni mnyama ambaye kila mmoja ana mluzi wake wa kujitambulisha, anayeweza kuishi zaidi ya miaka 40, anayezunguka bahari na wenzake. Kanada mwaka 2019 walipitisha sheria ya kukataza jambo hili, na jina lake linazungumzia kukomesha kifungo cha nyangumi na pomboo. Kifungo. Ufaransa nao mwaka 2021 wakapitisha sheria ya kusimamisha shoo hizo, na India waliacha kutoa vibali vya mabwawa hayo tangu 2013.

Kwa hiyo mpwa wangu, video sijakataza, na wala sijakasirika. Ukiituma tena andika tu "pomboo wa kifungoni". Hiyo "wa kufugwa" waachie nyuki, na mvua zikikatika twende wote Sikonge, mizinga ya babu yako mingine bado iko juu ya miti.