Kurutubisha urani ni nini?

Juzi, kwenye baraza moja la kahawa Ngamiani, Barabara ya 12, redio ilikuwa ikisema Iran "inarutubisha urani". Mzee mmoja akatua kikombe: "Kwani wanaitia samadi?" Tulicheka, lakini mzee aligusa penyewe. Shambani kurutubisha ni kuongeza. Kwenye urani, madini ya kuendeshea vinu vya nyuklia na kutengenezea mabomu, ni kuondoa.

Chukua ungo wa mpunga, punje 1,000, saba tu zina mchele ndani na zilizobaki mapepe. Ndivyo urani inavyotoka ardhini, hata hii yetu ya Namtumbo: ile aina inayotakiwa, urani-235, ni kama chembe 7 katika kila 1,000. Mitambo inayozunguka kwa kasi kubwa ndiyo ungo wenyewe. Pepeta mapepe 825, saba zako zinabaki kati ya 175, yaani asilimia 4, za kuendeshea kinu cha umeme. Toa 140 tena, umefika asilimia 20. Sasa ungoni mna punje 35 tu! Ukitoa 27 hivi, ni asilimia 90, ya bomu. Jasho jingi lilikwisha mwanzoni.

Ndiyo maana wanadiplomasia waligombania hata nukta. Mkataba wa Iran na mataifa makubwa, Marekani ikiwemo, uliofikiwa Vienna mwaka 2015 uliiwekea Iran kikomo cha asilimia 3.67 na akiba isiyozidi kilo 300, huku wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wakiingia kuhesabu. Kwangu mimi ulifanya kazi: haukufuta hatari, ila uliirudisha Iran nyuma kwenye ungo uliojaa. Marekani ikajitoa Mei 2018, na 2021 Iran ilikuwa imefika asilimia 60. Hizo ni saba kati ya kumi na mbili.

Korea Kaskazini ilianzia njia nyingine, ya plutoni, kitu kingine cha kutengenezea bomu, kinachopatikana ndani ya kinu cha nyuklia, bila ungo. Makubaliano yake na Marekani ya 1994 yalisimamisha kinu chake cha Yongbyon kwa miaka minane hivi. Yalipovunjika, haikuchukua muda, 2006 ikajaribu bomu lake la kwanza.

Mzee alisikiliza yote, kisha akauliza: "Na hayo mapepe wanayatupa wapi?" Nikamwambia hayatupwi. Huwekwa ghalani, na mengine hutengenezewa risasi za kutobolea vifaru. Akaguna, akaomba kashata.