Gari la Dizeli kwa Safari za Mikindani na Mjini: Piga Hesabu Kwanza

Minada ya korosho ikishachanganya na malipo yakaanza kuingia kwenye akaunti, simu yangu nayo huanza kuita. "Mwalimu, nimepata gari la dizeli, wanasema linanusa tu mafuta. Nichukue?" Nafundisha ufundi wa magari chuoni hapa Mtwara, na jibu langu ni swali: kila siku unatoka wapi kwenda wapi?

Mama mmoja anayeishi Mikindani na kufanya kazi mjini aliniletea gari lake jipya. Jipya kwake, maana Japani walishalitumia miaka saba. Taa ya njano kwenye dashibodi ilikuwa haizimiki. Kabla ya kuchomeka kompyuta nilichomoa kijiti cha oili, nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha na kukichomoa tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole.

"Si ndiyo vizuri, mwalimu? Haijapungua hata kidogo."

Nikampa anuse. Ilinuka dizeli.

Magari ya dizeli ya kisasa yana chujio la masizi kwenye njia ya moshi. Mafundi tunaliita DPF. Ulaya lilienea kwenye magari yote mapya ya dizeli baada ya viwango vya Euro 5 kuanza mwaka 2009. Chujio hilo hujaa kama chujio lolote, na likijaa injini hulisafisha yenyewe kwa kuyachoma masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi. Ili joto hilo lipatikane, kwenye magari mengi kompyuta huamuru dizeli ya ziada inyunyizwe ndani ya silinda. Mtu akiwa barabara kuu, kazi hiyo inakwisha ndani ya dakika 15 au 20 na yeye hana habari. Lakini Mikindani hadi mjini ni kilomita 11 hivi. Injini ndiyo kwanza inapata joto, tayari umeshaegesha na kuzima. Jioni inaanza upya, na kesho tena. Ile dizeli ya ziada isiyoungua hupenya pembeni mwa pistoni na kuteremka kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi kama maji ya wali, na turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini na kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, ndiyo ya kwanza kulia.

Kuna na salfa. Sisi wa kusini tunaijua vizuri, tunaipuliza kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Ndani ya dizeli ni adui: huchosha kemikali zinazosafisha moshi na kuongeza uchafu kwenye chujio. Mwaka 2015 kiwango cha salfa kwenye dizeli ya Afrika Mashariki kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, hatua kubwa kuliko tulikotoka, ila magari haya yaliundwa kwa dizeli ya sehemu 10. Nozeli zake, zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, nazo hupitisha mafuta kwa mgandamizo unaofika mara 2,000 ya hewa tunayovuta, kupitia matundu usiyoweza kuyaona vizuri kwa macho. Maji kidogo tu, au mafuta ya taa yaliyochanganywa, yanatosha kuziua, na pampu pamoja nazo. Uchakachuaji ulipungua baada ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kuanza kuweka vinasaba (alama ya kemikali ya kutambua mafuta halali) mwaka 2010 na serikali kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Hata hivyo dizeli ya kidumu barabarani mwachie mwenye trekta la zamani. Nunua sheli, dai risiti.

Sisemi dizeli ni mbaya. Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10, na injini yake hubana hewa kwa nguvu zaidi, hivyo kila tone linafanya kazi zaidi. Ukiwa umepakia na unapanda kuelekea Newala, utaipenda.

Tupige hesabu sasa. Mama yule anaendesha kilomita 22 kwa siku, siku 26, jumla 572 kwa mwezi. Tuseme gari la petroli la ukubwa kama lake linakwenda kilomita 10 kwa lita, na lake kilomita 14. Petroli ni lita 57, dizeli 41. Ameokoa lita 16. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, ni 48,000 kwa mwezi. Kama la dizeli lilimzidi milioni 4 kwa bei, atazirudisha baada ya karibu miaka saba, na hapo chujio halijadai chochote. (Bei kikomo hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kuna miezi dizeli imeipita petroli.) Toyota IST ya petroli, gari dogo, ikienda kilomita hizo hizo 14 kwa lita, itatumia lita zile zile 41. Tena injini yake iko kati ya sentimita za ujazo 1,000 na 2,000, ambapo ushuru wa bidhaa ni asilimia 5. Nyingi za dizeli zinapita 2,000, na hizo hutozwa 10.

Mfanyabiashara anayekwenda Masasi na kurudi mara mbili kwa wiki ana hesabu nyingine. Anafikisha kilomita 3,400 kwa mwezi, anaokoa lita 97, na milioni 4 zinarudi ndani ya mwaka na miezi miwili. Huyo namwambia achukue bila wasiwasi.

Kuna mafundi watakaokushauri kulitoboa chujio. Usikubali. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la visababishi vya saratani mwezi Juni 2012, na wanaoumeza ni wanafunzi wanaotembea kando ya barabara.

Ukienda kukagua gari, nenda alfajiri, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Soma kijiti cha oili, kinuse. Kisha pitisha kidole ndani ya mdomo wa bomba la moshi. Chujio likiwa zima, kidole hutoka karibu safi. Kikitoka cheusi tii, chujio limepasuka au halipo.

Yule mama tulimbadilishia oili, tukaiamuru kompyuta iyachome masizi ya chujio, nikamshauri kila Jumamosi ashike barabara ya kuelekea Mnazi Mmoja, ile ya Lindi, dakika 25 bila kusimama, kisha ageuze. Taa haijawaka tena. Juzi nikampigia hesabu ya hizo Jumamosi nne: kilomita 264, lita 19.

"Yaani nimeokoa 16 nikachoma 19?" akauliza. Akaanza kuulizia bei ya IST.